Nguo Iliyofika kwa Mama Mwingine

Juma lililopita mliniacha nimesimama mlangoni pangu hapa mtaani Raila, simu sikioni, sauti ya binti wa watu ikinitoboa moyo. Kama leo ndiyo mara yako ya kwanza kunisoma, sogea, kiti kipo.

Mimi ni Lenah, mama yake Murunga. Nashona nguo. Mjukuu wangu Lavender huzipiga picha na kuziweka mtandaoni, watu wanaagiza, nasi tunawatumia. Biashara yetu yote ni hiyo: cherehani moja na simu moja.

Masaibu yetu mmeyasikia. Sweta za watoto zilizopotelea njiani. Yule bwana aliyeapa kwamba shati halikumfikia, tukamrudishia pesa zake, kisha Lavender akamwona amelivaa kwenye picha za harusi ya rafikiye. Hayo yote niliyameza. Nilimwambia Lavender biashara ni kama uji wa moto, unaupuliza huku unaunywa.

La Nelima halikumezeka.

Nelima ni binti wa Kawangware. Mama yake aliugua muda mrefu, na alipoona safari yake imekaribia alitoa kitambaa sandukuni, cha zambarau, chenye maua madogo meupe. Akamwambia bintiye kishonwe azikwe nacho. Hakutaka zile nguo za maduka ya kando ya mochari, ambazo alisema zinafanana kama sare za shule.

Nelima alituona mtandaoni, akatuma kitambaa. Mama akafariki. Nikashona nikiimba nyimbo za kanisa polepole, maana nguo ya mtu anayeondoka haishonwi na kelele.

Jumatano nikampa Mulei, kijana wa bodaboda anayetubebea mizigo, aipeleke Kawangware. Haikumfikia Nelima. Alhamisi ndipo akanipigia ile simu mliyoniacha nayo mlangoni, akaniita kukhu, yaani nyanya kwa lugha ya kwetu, akasema:

"Kukhu, kesho tunamsafirisha mama nyumbani. Nitamvika nini?"

Nilimwambia anipe muda, kama kwamba muda ni wangu.

Lavender alifanya alichokijua. Mteja asipopata mzigo, unamrudishia pesa zake na kumwomba msamaha. Akazituma. Nelima akazirudisha. Lavender akadhani ni mtandao umekwama, akazituma tena. Zikarudi tena, mara hii na ujumbe: "Sikuomba pesa. Nguo ya mama iko wapi?"

Pesa zile zilikwenda na kurudi kama mtoto ambaye hakuna nyumba inayomtaka.

Nikamwambia Nelima nitashona nyingine, nitakesha nayo. Akanijibu kwa upole, na upole ule uliniumiza kuliko matusi. Alisema kitambaa kile marehemu baba yake ndiye alimnunulia mama yake, na mama alikitunza miaka yote bila kukitia mkasi. Hakuna kingine.

Jioni hiyo swali lake likatokea kwenye ukurasa wetu, kila mtu akalisoma. Watu tusiowajua wakatushambulia. Mmoja aliandika kwamba sisi ni wezi ambao hata maiti hatumwachii nguo. Lavender alisoma kila neno huku machozi yakimtiririka.

Jirani yangu Phanice, anayeuza omena, wale dagaa wa ziwani, kule mtaa wa Kisumu Ndogo, aliingia na chupa ya chai. Hakuuliza kitu. Aliichukua ile simu mkononi mwa Lavender, akaigeuza uso chini juu ya meza, akammiminia chai. Nimeishi na watu wengi, lakini wanaojua wakati wa kunyamaza ni wachache.

Ijumaa asubuhi nikasikia pikipiki nje.

Alikuwa Mulei. Lavender alikuwa amemrushia maneno makali kwenye simu, nami nilidhani hatatukanyagia tena mlango. Alivua kofia ngumu akasimama kizingitini, hakutaka kuingia.

"Shosho, mimi si mwizi," alisema. "Huo mzigo niliufikisha. Nilimpigia mwenyewe mpaka nikachoka, simu imezimwa. Nikauacha kwa saluni pale Kawangware 56, karibu na steji, mahali tunaachanga mizigo kila siku. Saa hii nikimpigia huyo mama wa saluni ananiambia hajaona kitu."

Lavender akasema hizo ni hadithi. Mulei hakubishana naye.

"Panda twende, shosho," aliniambia. "Tuulizane huko huko, uso kwa uso."

Nikajifunga leso kiunoni, nikapanda.

Alinibeba kama anayebeba mayai. Kwenye kila shimo alipunguza mwendo na kuniuliza kama niko sawa. Tulipokaribia Kawangware akasimama kununua mafuta kidogo, akaniambia jambo alilokuwa nalo rohoni.

"Siku ile kulikuwa na mvua. Niliitia ndani ya koti langu, hapa kifuani, isilowe. Si uliniambia ni zawadi mtu anamtumia mama yake? Nikasema ya mama wa mtu haiwezi kufika imelowa."

Nilishikwa na aibu.

Maana zawadi haikuwa. Huo ulikuwa uongo wangu, na nilikuwa nimeuzoea. Waendesha boda wengi hawapendi kubeba vitu vya maiti. Mwaka jana mmoja alipogundua amebeba nguo ya mazishi aliiweka kando ya barabara na kuniambia nije niichukue mwenyewe. Simlaumu, kila mtu na hofu yake. Tangu hapo nguo kama hizo nazifunga vizuri, naandika nambari ya simu tu juu yake, na nasema ni zawadi ya mama kutoka kwa mtoto wake. Nilijiambia hata si uongo mkubwa.

Nikamwambia Mulei ukweli palepale. Kwamba kile alichokikinga na mvua kwa kifua chake kilikuwa nguo ya maiti.

Alilipangusa tangi la pikipiki kwa kiganja, ingawa lilikuwa safi.

"Ungeniambia tu, shosho," alisema mwishowe. "Ningeibeba. Ningeomba kwanza, halafu ningeibeba."

Saluni yenyewe ni ya mabati, imepakwa rangi ya waridi, imebanwa katikati ya duka la misumari na kibanda cha viazi. Mwenye saluni anaitwa Katunge, mwanamke wa Kitui, mwembamba, mwenye macho yasiyotulia. Alikuwa akimsuka mteja. Nilimsalimu, nikamweleza ni mzigo gani naufuata.

Akasema hajaona mzigo. Akasema wanaboda wanaacha vitu ovyo na kuwasingizia watu. Aliyasema hayo yote akiangalia nywele za mteja, na vidole vyake vilikuwa vimesimama.

Mulei akamwambia, "Mathe, mimi ndiye nilikupatia. Ulikuwa umesimama hapo hapo. Ukaniambia sawa."

"Si mimi," alisema Katunge.

Pazia la nyuma likasogea, mama mzee akatokea akijishika ukutani.

Alikuwa amevaa zambarau, yenye maua madogo meupe.

Nilitaka kukaa na hakukuwa na kiti. Nguo niliyoishona kwa ajili ya mtu aliyelala ilikuwa imesimama mbele yangu, inapumua, inatabasamu.

"Wageni," alisema yule mama. "Katunge, wageni wamesimama hivyo na wewe unasuka?"

Huo ndio ukarimu: mtu hajakujua na tayari anakutafutia kiti. Alinisukumia kigoda chake mwenyewe. Akaniambia yeye ni Kavindu, mama mkwe wa Katunge, na alikuwa mgonjwa mpaka majuzi tu.

"Unaiona hii?" Alishika upindo wa nguo kwa vidole viwili. "Mwanangu Mutunga ndiye ameniletea. Watu walikuwa wanasema Mutunga alishanisahau. Sasa waseme tena."

Akageuka polepole ili niione vizuri, kama msichana.

Sasa mjue kitu kimoja. Nguo ya mazishi naishona wazi mgongoni, juu mpaka chini, na vikamba vya kufungia, kwa sababu aliyelala hawezi kuinuliwa mikono avishwe kama mtu mzima wa afya. Mgongo wa nguo ya Kavindu ulikuwa umeshonwa kwa uzi mweusi, mishono mirefu ya mtu asiye fundi lakini aliyefanya kwa bidii. Vile vikamba vyangu vilikuwa vimefungwa kama maua.

Mulei naye aliona. Akafungua mdomo. Nikamkanyaga mguu. Akanitazama, akatoka nje.

Kavindu alikuwa na kikombe cha uji. Aliugawa, nusu akaumimina kwenye kifuniko cha chupa akanipa. Akaniambia tangu Jumatano anakula vizuri. Akaniambia nguo hiyo hajaivua, hata akilala analala nayo, Katunge anamgombeza. Alicheka. Nikanywa uji wake.

Yule mteja akaambiwa akapumzike kidogo nje. Katunge akanishika mkono, akanivuta nyuma ya pazia, kwenye sinki la kuoshea nywele.

Nilidhani atanitisha. Badala yake alilia, bila sauti, mdomo umeukandamiza kwa taulo.

"Nilijua si ya Mutunga," alisema. "Shosho, nilijua. Mutunga alituacha. Ana mke mwingine huko Mombasa, simu zangu hashiki, za mama yake hashiki. Sukari ikiingia hapa namwambia mama imetoka kwa Mutunga. Dawa, namwambia ni Mutunga. Alikuwa amekataa kula. Amegeukia ukuta. Halafu huyu wa boda akaja akasema kwa sauti, 'zawadi ya mama kutoka kwa mtoto wake', na mama akasikia."

Akapangusa pua.

"Aliamka mwenyewe, shosho. Alikuwa hajaamka mwenyewe tangu atoke hospitali. Alinyoosha mikono hivi. Ungefanya nini? Nikabandua ile karatasi ya nambari, nikampa mama huo mzigo. Nilisema mwenyewe akija nitamlipa, hata kwa kumsuka mwaka mzima. Nilidhani ni nguo tu."

Ningeweza kumkasirikia, na nilitafuta hasira nisiipate. Hapa mbele yangu alikuwa mwanamke aliyeachwa na mume na bado anamlisha mama wa mume, tena sifa zote anampa yule aliyekimbia. Mkwe kama huyo unamwombea, humshtaki.

Lakini kulikuwa na mama mwingine, amelala mochari, anangoja kuvishwa.

Nikamwambia Katunge ile nguo ni ya nini.

Hakuelewa mara moja. Kisha akaelewa. Alirudi nyuma mpaka sinki likamzuia.

"Ile sehemu ya nyuma," alinong'ona. "Nilidhani ni mtindo wa siku hizi. Nikaishona. Nimemvika mama nguo ya maiti kwa mikono yangu."

Akaruka kuelekea pazia. Nikamshika. Alisema anaenda kumvua sasa hivi, kwamba kwao jambo kama hilo ni kumwita mtu kaburini, kwamba kama angeambiwa ukweli mzigo ule usingepita mlango wake hata angelipwa.

Nami nilijua ni kweli. Uongo wangu mdogo ndio uliofungua mlango ule.

"Ukimvua hivyo atauliza kwa nini," nilimwambia. "Utamjibu nini? Kwamba mtoto wake hakumtumia kitu, na kwamba alichovaa ni cha maiti? Yote mawili asubuhi moja?"

Katunge akakaa juu ya ndoo.

Hapo ndipo wazo likanijia. Lilikuwa wazo zuri kwa kulisikia. Ningemwambia Kavindu mimi ni fundi, nimeona mgongo umeshonwa vibaya, anipe niutengeneze. Angenipa kwa furaha. Nguo ingefika mochari kabla ya gari kuondoka, Nelima angemvika mama yake, na Kavindu angebaki na Mutunga wake. Baadaye ningemshonea nyingine inayokaribia kufanana.

Unaona nilivyo? Jeraha la uongo wa kwanza halijapona, nami nashika wa pili.

Nikatoka. Nikakaa karibu na Kavindu, nikamwambia vile nilivyopanga. Nilikuwa sahihi, alifurahi. Akasema kweli mgongo unamkwaruza. Akaniuliza Mungu amenitoa wapi. Akaanza kuvifungua vile vikamba, kisha akasita.

"Lakini utanirudishia leo?" aliuliza. "Unajua Mutunga akileta zawadi, mwenyewe hayuko mbali. Akija nataka anikute nimeivaa."

Nilijaribu kusema ndiyo, kweli nilijaribu, na neno hilo fupi lilikataa kutoka.

Simu yangu ikatetemeka kifuani. Alikuwa Lavender, akiongea haraka kwa furaha. Alikuwa amemwandikia Nelima kwamba mzigo umepatikana, uko saluni ya waridi pale 56, na kukhu mwenyewe yuko hapo anauchukua. Alitaka kusafisha jina letu. Alisema Nelima yuko njiani, gari la matanga linapitia hapo hapo likielekea mochari, na watu mtandaoni wameanza kutuomba msamaha.

Sikumgombeza. Nilimwambia asante, mjukuu wangu. Yeye alikuwa amesema kweli tu.

Nikasikia Mulei akiongea na mtu pale nje, sauti ya chini, kama anayemzuia. Kisha mwanga wa mlangoni ukazibwa.

Nelima sikuwa nimewahi kumwona. Nilijua sauti yake tu. Ni binti mdogo kuliko nilivyofikiri, kitambaa cheusi kichwani, macho yamevimba, leso mkononi imelowa. Nyuma yake, barabarani, basi lilikuwa limesimama na matawi yamefungwa mbele, na wanawake ndani yake wanaimba.

Alisema hodi. Hata siku ile, na yaliyomkuta yote, alikumbuka kusema hodi.

"Karibu, mwanangu," alisema Kavindu. "Mbona unalia? Umefiwa?"

Nelima alikuwa ameiona nguo. Aliitazama shingoni, akashuka nayo mpaka kwenye upindo, akapanda nayo tena. Niliona mkono wake ukiinuka kidogo, kama unaotaka kugusa, kisha ukarudi chini. Nadhani kwa dakika hiyo alimwona mama yake akiwa amesimama.

Katunge alitokea kwenye pazia na kushika kichwa kwa mikono miwili.

Nelima akanigeukia. Hakuuliza mimi ni nani.

"Kukhu," alisema, "hii nguo ni ya nani?"

"Ni yangu," alisema Kavindu, akatabasamu. "Mwanangu ndiye ameniletea."

Nelima hakumwangalia. Macho yake yalikuwa kwangu, na hayakuwa na hasira hata kidogo, yalikuwa yamechoka tu.

"Nimemuuliza kukhu," alisema.

Basi likapiga honi. Wanawake waliacha kuimba.

Nilitazama mikono yangu. Mama mmoja angebaki bila nguo, au mwingine bila mtoto, na Nelima na Kavindu walikuwa wakingoja niseme. Kavindu aliona nimekwama. Akadhani ni uzee, akanionea huruma. Akauweka mkono wake wa joto juu ya wangu, akaupapasa.

"Mjibu mtoto wa watu, mwenzangu," aliniambia. "Usimwache amesimama hivyo."